Mpaka ukifungwa, tusiisingizie Geneva

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika kwenye ukurasa huu kwamba mashirika ya kimataifa ndiyo yanayoamua mahindi yetu yavuke mpaka au yasivuke, na kwamba Shirika la Biashara Duniani (WTO), lenye makao yake Geneva, ndilo linalowabana wakulima wetu. Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Namanga, mpakani na Kenya, upande wa Tanzania, na nyaraka za mahindi, mchele na vitunguu ndizo zinazonilisha. Sijaona karatasi kutoka Geneva ikizuia lori. Malori ninayoyaona yamezuiwa, yamezuiwa kwa barua ya serikali iliyo jirani yetu, au ya serikali yetu wenyewe.

WTO ilianza kazi Januari 1, 1995 na sasa ina wanachama 166. Jirani zetu Wakomoro waliingia Agosti 2024. Haina geti wala askari. Inatunza mikataba ambayo serikali zenyewe zilikubaliana na kuitia saini, na inasikiliza nchi inayomshtaki mwenzake. Nchi isiposhtaki, hakuna shauri, na mfanyabiashara hana mlango wa kuingilia huko hata akiwa na kesi nzuri namna gani. Kenya na Tanzania hazijawahi kushtakiana Geneva. Na hata zingeshtakiana leo, tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa cha WTO hakifanyi kazi, kwa sababu Marekani iligoma kuridhia uteuzi wa majaji wapya. Aliyeshindwa akikata rufaa, kesi inabaki ikining'inia.

Tuchukue mahindi ya Machi 2021, maana nadhani ndiyo msomaji huyo aliyokuwa nayo kichwani. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha barua: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, yana sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu, kupita kiasi. Siku tano baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Wafanyabiashara wajisajili, mzigo uwe na cheti cha uasili, kinachoonyesha ulikotoka, na uwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Sumukuvu siidharau hata kidogo. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, waliokula mahindi ya kwao wenyewe. Serikali ina haki ya kuwalinda watu wake, na mkataba wa WTO unaohusu usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea unaitambua haki hiyo waziwazi. Unachodai ni kwamba uwe na ushahidi wa kisayansi, usibague, na umjulishe mwenzako. Ushahidi ukiwa haujatosha, unaruhusiwa kuzuia kwa muda huku ukiendelea kuutafuta. Hata kipimo chenyewe hakishushwi kutoka mbinguni. Codex, chombo cha viwango vya chakula kilichoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) mwaka 1963, kinatoa mwongozo, lakini nchi yaweza kuwa kali zaidi ikiwa na sababu. Ndiyo maana Marekani inaruhusu 20, Umoja wa Ulaya unataka 4 kwa nafaka iliyo tayari kuliwa, na sisi Afrika Mashariki tuna 10. Kwa maneno mengine, kipimo alichotushikia Mkenya ni kipimo chetu pia, tulikipitisha pamoja naye.

Kwa hiyo ugomvi haukuwa juu ya sheria. Uko kwenye bambo. Mkaguzi anachoma gunia, punje zinateremka kiganjani, zinamwagwa kwenye mfuko wa sampuli, mfuko unakwenda maabara. Ila sumukuvu haisambai sawasawa kwenye shehena. Gunia moja laweza kubeba sumu yote na ishirini ya jirani yake yakawa safi kabisa. Ukichoma magunia yaliyo karibu na mlango wa lori unapata jibu moja. Ukishusha mzigo wote ukachoma mpaka ya chini unapata jibu jingine. Maabara ya upande huu inaweza kusema mahindi ni safi, ya upande ule ikasema hayafai, na wote wawili wakawa wakweli. Nani alichoma, alichoma magunia mangapi, na ya wapi? Hayo ndiyo maswali, na barua ya zuio ilizungumzia mahindi ya nchi mbili nzima kana kwamba ya Ruvuma na ya Kiteto yanatoka ghala moja.

Halafu lori linasubiri. Machi masika yanaanza. Mahindi yaliyopakiwa yakiwa makavu, chini ya ile asilimia 13.5 ya unyevu inayotakiwa, yanakaa chini ya turubai lenye matundu. Mvua inayalowesha pembeni, jua la mchana linayapika, na kuvu inapata kila inachokitaka. Dereva na utingo wanadai posho, mwenye gari anadai fidia ya kulaza lori. Mzigo uliofika mzima unaweza kuoza foleni, kisha ukapimwa na kutangazwa kuwa una sumu. Hilo nalo litaandikwa kuwa ni kosa la mkulima.

Sisi nasi tusijifanye malaika. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto hapahapa Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Mwaka huohuo serikali yetu ilizuia mahindi kuuzwa nje, ilhali kanuni za WTO zinakubali zuio la namna hiyo kwa muda tu, pale uhaba wa chakula unapokuwa mkubwa kweli. Hakuna aliyetushtaki. Tumezoea kuwasubiri marais wakutane. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, vikwazo vya mpakani viliwekwa mezani, na nashukuru kwa hilo. Lakini mahindi hayana subira ya kungoja ziara ya kiserikali.

Mlango ulio karibu ni Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki inamruhusu mkazi wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, kuishtaki serikali inayovunja Mkataba wa Jumuiya. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda iliutumia mlango huo na mwaka 2019 ikaishinda serikali ya Uganda, iliyokuwa ikitoza ushuru mkubwa zaidi kwa sigara zilizotengenezwa Kenya. Tatizo ni muda: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili. Kampuni ya sigara ina mawakili ofisini. Mama anayevusha magunia machache kwa kile cheti rahisi cha uasili, cha mzigo usiozidi dola 2,000, miezi miwili inamkuta bado anahangaika na deni la lori. Jumuiya ina pia sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, lakini inapita kwenye kamati za kitaifa, majadiliano, ratiba na baraza la mawaziri. Kwa saruji labda inafaa. Kwa nyanya, sahau.

Hapa Namanga maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi katika kituo kimoja cha pamoja, kilichozinduliwa Desemba 2018. Basi wachome gunia pamoja, sampuli igawanywe mara mbili mbele ya mwenye mzigo, na majibu ya maabara yatolewe yakiwa na namba ya shehena. Zuio likitangazwa, mizigo iliyokwisha ingia barabarani ipimwe, na inayofaulu ipite. Vyama vya wafanyabiashara vinavyotukusanyia ada kila mwaka viajiri mwanasheria mmoja wa kuhesabu hiyo miezi miwili, ili mwenye magunia arobaini asiende Arusha peke yake.

Nawe Mhariri, zuio lijalo likitangazwa, usituandikie tu kwamba mpaka umefungwa. Mpigie waziri husika umuulize ni maabara gani iliyopima, na shehena ipi.

Wakala wa forodha,
Namanga