Shukrani kwa Mzee wa Aubrac

Baada ya kukamilisha hija ya miguu ya takriban kilomita 750, kutoka Le Puy-en-Velay hadi Saint-Jean-Pied-de-Port, kusini mwa Ufaransa, napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa mzee mmoja mfugaji ambaye sikubahatika kulijua jina lake.

Nilikuwa nimekwisha kuipita Nasbinals, katika nyanda za juu za Aubrac, ambako mhujaji hutembea saa nzima akiona malisho, kuta za mawe na ng'ombe wa rangi ya ngano tu, mvua iliponikuta na soli ya kiatu changu cha kulia ikabanduka kuanzia kidoleni hadi katikati. Mzee huyo alisimamisha trekta, akanikalisha juu ya ukuta, akakata kipande cha waya wa uzio na kukizungusha mara tatu kwa koleo, ncha zake akizikunjia nje zisinichome. Kifaransa changu ni cha kuombea maji, na chake kilikuwa na lafudhi nzito, hivyo tulielewana zaidi kwa mikono. Alinipa mkate na jibini ya Laguiole. Nilipotoa pesa alicheka, akawasha trekta.

Waya ule ulinifikisha Espalion, nilikonunua viatu vingine. Mzee wangu, nilipoteremka njia ya mawe kuingia Conques nilikukumbuka, na katika kanisa la abasia la Sainte-Foy nilikuwashia mshumaa. Asante sana.