Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Assalam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Tumshukuru Mungu kwa kutuvusha mwaka tukiwa wazima, na tuwaombee wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki. Rambirambi ziliwafikia wafiwa wote. Ahsanteni akina mama mliosimamia jiko misiba yote miwili.

Shughuli za kawaida za umoja wetu sitazirefusha, mnazijua; nataka nafasi ya kueleza kwa nini kamati ilikataa kumnunulia kijana wa mwenzetu kiwanja cha Chanika. Futari ilifana. Usajili wetu halmashauri, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, umehuishwa. Kamati ilikutana kila mwezi isipokuwa Agosti. Sherehe ya kufunga mwaka haikufanyika, na wanaouliza kwa nini wasome aya inayofuata.

Tuko wanachama 38, ada ni Sh 10,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka huu ilipaswa kuingia Sh 4,560,000. Imeingia Sh 2,710,000, deni ni Sh 1,850,000. Katika hizo zilizoingia, Sh 2,060,000 zimekwenda kwenye nyongeza ya Mfuko wa Makazi wa Vijana, ambamo watoto wetu wanaweka akiba ya kiwanja nasi tunawaongezea, Sh 400,000 rambirambi, Sh 190,000 usajili, shajala na chai ya vikao. Zimebaki Sh 60,000. Sherehe ya Sh 60,000 kwa watu 38 na familia zao labda tungegawana maandazi.

Kwa upande wao, vijana 11 wameweka Sh 6,180,000 kati ya Sh 7,920,000 zilizotarajiwa. Watoto wetu, wengine wakiwa mafundi simu na wauza mitumba, wamelipa kwa asilimia kubwa kuliko sisi wazazi wao. Nililisema hili kwenye mkutano wa Aprili, lakini mliokuwapo mlikuwa 17, na kati yenu watano mliingia wakati wa kufunga kwa dua. Kwenye kundi la WhatsApp hatukosi "amina" 30 kila asubuhi. Nikituma orodha ya wadaiwa, kimya.

Sasa nije kwenye suala la Chanika, maana najua ndilo linalosubiriwa.

Kwa faida ya wasiohudhuria, nikumbushe mfuko ulivyo. Wazo lake nililileta mimi mwaka 2022, na wapo waliocheka. Vijana wetu wanapanga vyumba ambavyo mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Kijana akishamaliza kuikusanya hiyo, akiba haipo tena. Benki nazo zina mikopo ya nyumba, lakini zinataka hati na mshahara unaopita kwenye akaunti, na muuza mitumba hana hata kimoja. Ndiyo tukakubaliana: kijana aweke Sh 60,000 kila mwezi, umoja umwongezee Sh 20,000 kwa kila mwezi aliolipa, kwa miaka mitatu. Asipotetereka atakuwa na Sh 2,880,000 kabla ya faida. Pesa tunanunulia vipande (yaani hisa za mfuko) vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, haikopeshwi kwa mwanachama yeyote, hata mwenyekiti, na kijana hakabidhiwi mkononi. Inalipwa moja kwa moja kwa muuzaji, baada ya kamati kuridhika na kiwanja. Maneno hayo, "baada ya kamati kuridhika", yamo kwenye kanuni mlizozisaini wenyewe.

Mwezi Juni kijana mmoja wa mwenzetu alileta kiwanja cha Chanika, Sh 2,800,000. Akiba yake ilikuwa imepita kidogo milioni 2.4 na mzazi alikuwa tayari kujazia. Tulikwenda kukiona mimi, katibu na mjumbe mmoja. Dalali alisema ni 20 kwa 20. Tukamuuliza, mita au hatua? Akasema hatua, kisha akatupimia palepale, kuanzia kwenye mwembe hadi kwenye uzio wa michongoma, kwa hatua fupifupi kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Zikafika 20. Katibu alikuwa na futikamba kwenye mkoba. Upande ule ulikuwa mita 13 na nusu. Dalali akasema jirani ni mtu mwema, ataweza kusogea.

Vipimo peke yake tungevizungumza kwenye bei. Kilichonifanya niseme hapana ni muuzaji. Eneo lilikuwa la marehemu baba yao, ndugu ni watano, na aliyekuwa akiuza ni mmoja wao. Nilimwomba barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Akatoa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao cha ukoo kinampendekeza mtu, lakini anayemteua msimamizi ni mahakama, na bila uteuzi huo hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Ndugu wanne waliobaki wangeweza kuibuka siku yoyote, hata nyumba ikiwa imeshaezekwa. Mliniambia mwenyekiti wa serikali ya mtaa angegonga muhuri. Angegonga, sikatai. Muhuri ule unashuhudia kwamba watu wameuziana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Kamati ilipiga kura, watano tukakataa, wawili wakakubali. Sikuamua peke yangu kama inavyosemwa.

Ikaja barua ya wanachama tisa. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Inasema pesa ni ya mtoto, kamati haina haki ya kumchagulia. Najibu: milioni 1.8 ilikuwa yake, na hiyo tulimwambia anaweza kuichukua wakati wowote akijitoa. Laki sita ilikuwa ya umoja, na hiyo ina masharti. Inasema pia kwamba wengi wetu tumejenga kwenye maeneo yasiyopimwa na tunaishi. Ni kweli, mimi mwenyewe nimejenga hivyo Mbagala, na mpaka leo nahangaika na urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati, huku jirani akidai choo changu kiko kwake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na unachomilikishwa ni haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99. Karatasi ndiyo inayoonyesha haki hiyo ni ya nani, kwa hiyo kijana wa miaka 25 aanze na karatasi iliyonyooka.

Naambiwa aliyenunua kile kiwanja ameshafika kwenye lenta, na picha zimetumwa kundini kwa makusudi. Nimeziona. Namtakia heri. Lenta si hati.

Kuhusu shemeji yangu, maana yapo maneno kwamba nilimpendelea. Vijana wawili waliofanikiwa mwaka huu, mmoja alinunua Kigamboni, mwingine Vikindu, vyote viwanja vilivyopimwa na kulipiwa kwa awamu, mfuko ukitoa malipo ya kwanza. Kampuni iliyouza cha Vikindu ina mfanyakazi ambaye ni shemeji yangu. Nilitamka hivyo kikaoni, nikatoka nje wakati wa kura, na muhtasari upo kwa katibu kwa anayetaka kuusoma. Nilipewa soda na huyo shemeji, nakiri, lakini ananipa soda kila Idi. Kile cha Kigamboni, ambacho katibu alikwenda mwenyewe kukifanyia upekuzi wa umiliki kwa msajili wa hati, hakina shemeji wa mtu, na sijasikia anayekitaja.

Kijana wa Chanika amejitoa mwezi Septemba na amelipwa chake chote pamoja na faida. Mlango uko wazi akitaka kurudi, na mzazi wake naye namwomba arudi vikaoni, maana ada yake bado tunaidai tangu Mei.

Hadi tarehe 31 Desemba thamani ya vipande vyetu, baada ya kutoa malipo ya hao watatu, wawili walionunua na huyu aliyejitoa, ni Sh 16,300,000 na ushee. Mhazini anayo taarifa kamili ya kila kijana.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza vijana, kumpata mwanasheria wa kutusaidia mikataba kwa bei ya kindugu, na ikiwezekana kuangalia namna ya kuwashika mkono kwenye tofali za mwanzo. Haya yote yanategemea ada. Nafasi ya kijana wa kumi na moja iko wazi, waombaji ni wanne, na wazazi watatu kati ya hao wanne ni wadaiwa. Kamati imeamua kwamba mtoto wa mdaiwa hatajadiliwa mpaka deni liishe. Najua hili nalo litaandikiwa barua.

Mkutano mkuu wa uchaguzi ni Jumapili ya mwisho ya Februari, saa nne asubuhi. Namaanisha saa nne. Nitagombea tena. Madeni yatumwe kwa namba ya mhazini, siyo kwangu, na mkishatuma mhifadhi ujumbe wa muamala mpaka mpewe risiti.

Mwenyekiti