Anzeni na Jedwali la Alama

Kisauni, Mombasa

Ndugu yangu Mbarak,

Salamu nyingi, na unisalimie mama na watoto. Barua yako nimeipata. Mnataka klabu za baiskeli za pwani zishindanie msururu wa mbio sita badala ya kila klabu kuandaa zake na kugawa vikombe, na wauliza muanzie wapi. Anzeni na jedwali la alama. Barabara na fulana zitafuata.

Tazama msimu wa kwanza wa ProTour, msururu wa kimataifa wa mbio za baiskeli, mwaka 2005. Kabla yake, tangu 1989, kulikuwa na Kombe la Dunia la mbio za siku moja peke yake. ProTour ikakusanya kila aina katika hesabu moja: za siku moja, za wiki moja, na zile tatu kubwa za wiki tatu (Tour de France, Giro ya Italia na Vuelta ya Hispania). Zilikuwa mbio 27, kuanzia Paris–Nice mwezi Machi hadi Giro di Lombardia tarehe 15 Oktoba. Mshindi wa Tour de France alipata alama 100, wa Giro au Vuelta 85, wa mbio za daraja la tatu, kama Paris–Roubaix, 50, na wa daraja la nne 40. Katika daraja hilo la nne nafasi kumi zililipwa hivi: 40, 30, 25, 20, 15, 11, 7, 5, 3, 1.

Sasa uone jedwali lile lilivyomchagua bingwa. Danilo Di Luca hakushinda hata moja ya zile tatu kubwa. Mwezi Aprili alishinda mbio za Nchi ya Basque, akapata 50, kisha Amstel Gold na Flèche Wallonne, 40 kila moja. Mwezi Mei akawa wa nne kwenye Giro, 45 nyingine. Hiyo ni 175 kabla hujahesabu hatua, yaani mbio za siku moja moja ndani ya mbio ndefu, alizoshinda, na alimaliza msimu na 229. Tom Boonen, aliyeshinda Flanders na Roubaix mwaka uleule, alikuwa wa pili na 171. Aliyevaa jezi ya manjano Paris, yaani mshindi wa Tour de France (Lance Armstrong, ushindi wake ukafutwa 2012), hakuwafikia, kwa kuwa Tour moja haiwezi kumlipa mtu msimu mzima. Kwangu mimi hilo ni sawa kabisa: taji la msururu ni la anayefika mbele mara kwa mara.

Kwenu nyinyi lile jedwali la daraja la nne linatosha, ila lipigieni hesabu kwanza. Aliyekuwa wa pili mara nne ana 120, sawasawa na aliyeshinda mara tatu. Mkiona mshindi anapunjika, mpeni 50. Mkilingana, amueni kwa idadi ya ushindi, kisha kwa nafasi za pili, na hilo liandikwe kabla ya mbio ya kwanza. Likiachwa hadi mwisho, kila klabu itavutia kwake.

Jambo lililowasumbua wenzetu wa ProTour zaidi ni sharti la kuhudhuria. Timu 20 zilipewa leseni na zote zililazimika kwenda kila mbio. Paris–Nice na Tirreno–Adriatico ziligongana Machi, Catalunya ikaangukia ndani ya Giro, Poland ndani ya Vuelta. Timu ilihitaji waendeshaji 25 au zaidi, na magari na mafundi wa kugawanya pande mbili, na mbio nyingine zilipelekewa watu wa kutimiza hesabu tu. Waandaaji nao walibanwa: kwenye Tour ya 2005, baada ya zile timu 20, ilibaki nafasi moja ya mwaliko, ikaenda kwa timu ya AG2R. Ugomvi wa waandaaji wa mbio tatu kubwa na shirikisho la kimataifa la baiskeli haukwisha, na kufikia 2008 mbio hizo zilikuwa nje ya ProTour. Klabu zenu zina waendeshaji sita, saba. Msilazimishe. Hesabuni matokeo bora manne kati ya sita, mtu aliye zamu ya kazi bandarini asipoteze msimu kwa Jumapili moja.

Amueni pia kuhusu wageni. José Rujano alikuwa wa tatu kwenye Giro ile, lakini timu yake ilikuwa ya mwaliko, kwa hiyo hakupata alama yoyote. Mgeni kutoka Nairobi akija akawa wa pili, je, wa tatu anapanda? Jibu lolote lafaa, bora lijulikane asubuhi.

Na matokeo yaandikeni hadi nafasi ya 20, ingawa mnalipa kumi, kwani mtu anaweza kuondolewa baadaye. Vuelta ya 2005 Roberto Heras alivuliwa ushindi msimu ukiwa umeshafungwa, akapewa Denis Menchov, na 2012 mahakama ikamrudishia Heras. Wekeni watu wawili mstarini na simu inayorekodi video, namba zibandikwe nyonga zote mbili. Kundi likifika pamoja, namba ya upande mmoja haisomeki.

Barabara ya Mtwapa hadi Kilifi na kurudi ni nzuri, lakini wakati wa kusi upepo utawasukuma kwenda na kuwazuia kurudi, hivyo wanyonge wataachwa njia ya kurudi. Msiweke mbio zote sita huko. Nitumie rasimu ya jedwali kabla hamjaipeleka kwenye klabu, nami nitaipigia hesabu kwa matokeo yenu ya mwaka jana.

Nduguyo,
Athman