Kuwaandikia watoto habari za nyambizi Thetis

Mhariri,

Anayetaka kuwaandikia watoto kitabu cha maarifa juu ya Thetis, nyambizi ya Uingereza iliyozama katika Ghuba ya Liverpool tarehe 1 Juni 1939 ikiwa na watu 103, tunamwomba aanze na tundu dogo la koki lililoziba. Watu 99 walikufa, na mtoto wa miaka tisa anaweza kukielewa chanzo chake barabara. Akiambiwa tu "hitilafu ya mitambo" hatapata kitu.

Nyambizi ilikuwa kwenye majaribio, nayo ilikuwa nyepesi mno, haitaki kuzama. Luteni Frederick Woods akaenda omo, yaani sehemu ya mbele, kuangalia kama mabomba ya kurushia torpido (makombora ya chini ya maji) namba 5 na 6 yana maji. Kila bomba lina milango miwili: wa nje unafungukia baharini, wa ndani ndio wa kuingizia torpido. Kwenye mlango wa ndani kuna koki ndogo ya kupimia. Ukiifungua maji yakaruka, mlango haufunguliwi. Koki ya bomba namba 5 haikutoa maji. Mlango ukafunguliwa, kumbe wa nje nao u wazi, bahari ikaingia. Tundu la koki lilikuwa limezibwa na rangi ya lami iliyopakwa upande wa ndani wa mlango. Kijiti cha kuzibulia tundu kilikuwapo, hakikutumika.

Hapo mwandishi atue, asipapite mbio. Ampe mtoto jaribio: chupa ya plastiki, tundu la pini karibu na kitako, maji mpaka juu. Maji yatachuruzika. Amwage, azibe tundu kwa nta, ajaze tena. Chupa imejaa na tundu ni kavu. Mtoto akiona hivyo hatamfanya Woods mhalifu, na mwandishi naye asimfanye.

Mchoraji naye apewe vipimo, maana michoro mingi ya nyambizi zilizozama huzilaza kwenye giza la kilindi. Thetis ilikuwa na urefu wa mita 84 hivi, na maji pale yalikuwa na kina cha takriban mita 45. Vyumba viwili vya omo vilijaa, kwa sababu skrubu moja ya mlango wa kuzuia maji ilikwama kati ya mlango na fremu. Omo ikachimba tope. Asubuhi ya Juni 2 tezi, yaani sehemu ya nyuma, ilikuwa imechomoza juu ya maji, na waokoaji wakaiona kwa macho. Mchoro wa sentimita moja kwa kila mita utaonyesha kwa nini.

Sura ya hewa ndiyo ngumu zaidi. Mabaharia wa kawaida wa nyambizi hiyo walikuwa kama 53. Siku hiyo walikuwamo pia mafundi wa kiwanda kilichoiunda na watazamaji, hivyo hewa ilichafuka karibu mara mbili ya kawaida. Pumzi tunayotoa ina hewa ya ukaa kama asilimia 4. Ikikusanyika kwenye chumba, kwanza mtu huhema, kisha kichwa humuuma na akili huchanganyikiwa, na kufungua valvu huwa kazi kubwa. Wanne tu walitoka salama kupitia chumba cha kutokea. Kwa wengine, mwandishi aandike "walikufa". Akiandika "walilala", msomaji wake ataogopa kulala.

Kuhusu utafiti: gazeti la siku ya kwanza linafaa kwa hali ya watu waliokuwa wakisubiri nchi kavu, lisitumike kueleza chanzo. Chanzo kitafutwe kwenye ripoti ya uchunguzi wa Jaji Bucknill. Pia isomwe kesi ya wajane wa waliokufa dhidi ya Cammell Laird, kiwanda kilichoiunda: mwaka 1942 House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ilikubali serikali izuie michoro na nyaraka za nyambizi hiyo zisitolewe mahakamani. Bila kujua hilo, mtafiti atashangaa kwa nini wajane walikosa ushahidi huo.

Tena asisahau kilichobadilika. Milango ya ndani ya mabomba ya torpido kwenye nyambizi za Uingereza iliwekewa kishikizo cha pili, chenye jina la Thetis hadi leo. Mlango hufunguka kidogo tu kwanza; maji yakitoka, unaurudisha.

Waandishi na wahariri wa vitabu vya watoto