Dada yangu si mfanyabiashara

Bwana Mhariri,

Ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu misaada ya watu wenye ulemavu imenikera. Mwandishi wenu anaeleza kana kwamba mlemavu kuhama kutoka msaada mmoja wa serikali hadi mwingine ni kama kushuka basi moja na kupanda lingine, konda kamshikia mzigo. Basi la kwanza lilituacha njiani, na la pili halibebi watu wa aina ya dada yangu.

SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa wasiojiweza fedha taslimu, ilipoanza huku kwetu wilaya ya Nebbi, Uganda, ilikuwa na ruzuku mbili: ya wazee na ya familia zisizojiweza. Sisi tuliingia kwenye hiyo ya pili kwa ajili ya dada, ambaye polio ilimlemaza miguu yote na mkono wa kulia tangu utotoni. Shilingi 25,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini sabuni na unga vilipatikana, na hakuna aliyemuuliza fedha hizo atazizalishaje. Baadaye ruzuku ya familia ikafutwa, ya wazee ikabaki, nasi tukaelekezwa kwenye ruzuku maalumu ya walemavu. Hiyo hapewi mtu, kinapewa kikundi, tena kikundi chenye akaunti ya benki na mradi ulioandikwa vizuri. Ndipo mnaweza kupata hadi shilingi milioni tano.

Basi tukaunda kikundi. Kiziwi mmoja, wawili wasioona, mama wa mtoto anayeugua kifafa, na dada. Mradi tukaandika mbuzi, maana kila mtu huandika mbuzi. Nani atawachunga, Mungu ndiye ajuaye. Siku ya kuhakikiwa karani akashikilia kwamba lazima amwone kila mwanachama kwa macho yake mwenyewe, na ofisi yake iko ghorofani. Nikambeba dada mgongoni, mkono wake mzima umenikaba koo, hadi katikati ya ngazi pumzi zikaniishia nikamketisha pale pale. Karani akatoka, kikombe cha chai mkononi, akachungulia kutoka juu: "Huyu mbona amenawiri? Mwambie amalizie." Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020, inayotaka majengo ya umma yafikike na kila mtu! Dada hakujibu kitu, akajifunika uso kwa leso yake. Fomu zetu zilirudishwa kwa sababu jina la mwenzetu mmoja lilipishana herufi na lililo kwenye kitambulisho, na mbuzi hao hatujawaona hadi leo. Sasa wimbo ni PDM, mpango wa serikali wa kupeleka fedha za maendeleo hadi kwenye parishi, yaani eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa. Tunaambiwa walemavu wametengewa asilimia 10 ya fedha za kila parishi. Sawa, lakini ule ni mkopo, unarudishwa. Mtu anayegeuzwa kitandani usiku na mama yake anakopeshwa milioni moja afuge nguruwe?

Na huyo mama mwenyewe je? Ruzuku ya wazee sasa wanaandikishwa waliofika miaka 80. Mama aliolewa mwaka wa uhuru, 1962, kijiji kizima kinajua. Kitambulisho chake cha taifa kinasema alizaliwa 1956. Kwa hesabu ya serikali, basi, marehemu baba alioa mtoto wa miaka sita. Nimeomba mwaka huo urekebishwe, nikaambiwa nilete cheti chake cha kuzaliwa. Cheti, kwa mtu aliyezaliwa shambani enzi za Mwingereza!

Pendekezo langu ni hili. Kabla afisa yeyote hajatunga masharti mengine ya walemavu, abebeshwe gunia la mkaa lililojaa, apande nalo ngazi za ofisi yake mchana wa jua, na akifika juu aambiwe kitambulisho chake kina kasoro, arudi Jumatatu. Wanaoweza kuchunga mbuzi wapewe mbuzi, sina kinyongo nao. Dada arudishiwe zile 25,000 zake, na anayezileta aje nazo kwa bodaboda hadi mlangoni. Nyumba yetu haina ngazi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Nebbi