Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: mpingo wa wachongaji unapasukia juani

Mheshimiwa,

Salamu na heshima zote. Barua zetu za mwanzo bila shaka zimepumzika vizuri masjala, kwa hiyo hii tunaiandika hadharani.

Tangu mwezi uliopita magogo ya mpingo na vinyago ambavyo havijakamilika vimezuiwa kwenye kizuizi cha maliasili. Sababu: vinyago havina alama ya nyundo, ule muhuri unaogongwa na maofisa wa misitu kuonyesha mti umekatwa kihalali. Mheshimiwa, nyundo hugongwa kwenye kichwa cha gogo, na kichwa cha gogo ndicho mchongaji anachokikata kwanza, maana nyufa huanzia hapo. Kinyago chenye alama ya nyundo bado ni gogo. Labda askari hawakupewa maelekezo. Labda walipewa, wakayaelewa kwa namna iliyowafaa. Hati ya kusafirishia ilikuwepo, wakaisoma, wakairudisha.

Yote hayo yangevumilika kama mzigo ungewekwa kivulini. Umelazwa uwanjani, juani. Mpingo huchongwa ukiwa mbichi kwa sababu ukikauka tezo hudunda. Ukiachwa juani, nje husinyaa upesi huku ndani kungali na maji, na ufa hushuka kutoka kichwani hadi kwenye kiini. Ndiyo maana karakana hupaka vichwa nta au rangi nzito na kulifukia gogo kwenye maranda yenye unyevu. Gundi iliyochanganywa na unga wa mpingo huziba ufa mwembamba kama ukucha; unaoingiza kidole hauzibiki. Gogo la unene wa sentimita 20 likipasuka hadi kiini halitoi tena nguzo ya ujamaa, ambayo watu wote waliobebana hutoka kwenye kipande kimoja. Litatoa vichwa vidogo vya kuuzia watalii, basi. Na mti huo ulichukua miaka 70 au zaidi kufika hapo.

Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya uvunaji ya wilaya, kwa hiyo hatukosei mlango. Mpasuaji anayetafuta mbao za klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza, anataka gogo lililonyooka, lisilo na fundo wala ufa. Sehemu kubwa ya mti hukataliwa, ikaishia tanuri la mkaa. Kinyago kinataka hicho hicho kilichokataliwa. Tawi lililopinda ndilo mgongo wa kinyago cha shetani, fundo huwa jicho, na lile tabaka jeupe la nje huachwa makusudi likae kando ya weusi. Kwenye kikao uliahidi kwamba masalia haya yatakuwa na kibali chake kidogo, tofauti na cha wenye malori. Tulipiga makofi. Kibali hatujakiona, ila makofi tunayakumbuka.

Matokeo yapo sokoni. Miti myepesi inapakwa dawa nyeusi ya viatu na kuitwa mpingo. Mpingo halisi huzama majini. Huo wa bandia huelea, na ukiufuta kwa kitambaa kibichi weusi unahamia kwenye kitambaa. Mnunuzi aliyedanganywa harudi, na hasira zake zinamwangukia Mmakonde asiyehusika.

Karatasi nazo si jambo dogo. Tangu 2017 mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuuvusha mpaka huhitaji kibali chake. Marekebisho ya 2019 yaliiachia klarineti iliyokamilika ipite mipaka bila kibali hicho. Kinyago kiliachiwa mwisho kilo 10 za mbao kwa shehena, yaani nguzo ya sentimita 10 kwa 10 yenye urefu wa sentimita 80 hivi. Kinachozidi hapo kinahitaji kibali, na kibali hakitoki bila kuonyesha mti ulikatwa wapi kihalali. Sasa kama hati ya gogo haitambuliki mara tezo linapoligusa, nguzo kubwa itatoka nchini kwa njia gani? Tunauliza kwa heshima.

Tunachoomba ni namba ya hati ya gogo iandikwe kwenye daftari la karakana na iambatane na kila kinyago kilichotoka humo, na vizuizi viitambue. Tunaomba pia kile kibali cha masalia.

Kama hayo yanasubiri kikao kingine, basi tuachiwe mzigo. Na kama hata hilo ni zito wiki hii, Mheshimiwa, agiza magogo yasogezwe chini ya paa, vichwa vipakwe rangi yoyote iliyopo stoo, yafunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Kazi ya watu wawili, asubuhi moja. Tuko tayari kuja kuifanya wenyewe, mkituruhusu kupita getini.

Wachongaji wa mpingo, wilayani kwako