Kwenu mnaotaka kuwa mabingwa wa historia ya Wamongoli

Wanangu wa baraza,

Nawasalimu. Ijumaa ile mlinikalisha hadi kahawa ikapoa, mkinisimulia vita vya Chinggis Khan, mwanzilishi wa dola ya Wamongoli, na wajukuu zake, na jinsi mnavyotaka kusomea historia yao. Nilinyamaza, mkadhani nimechukia. La. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia kwamba mmependa farasi, na kazi yenyewe ni lugha.

Wamongoli walitawala kuanzia Uchina hadi Urusi, ila kitabu chao kikubwa cha karne ya 13 kilichosalia ni kimoja, Historia ya Siri, kinachosimulia Chinggis na ukoo wake. Nacho kimetufikia kwa vituko: maneno ni ya Kimongoli, herufi ni za Kichina, silabi baada ya silabi. Mengi ya yaliyobaki yaliandikwa na watumishi wao au na waliochomewa miji, kwa Kiajemi, Kichina, Kiarabu, Kirusi, Kilatini. Hata Khan Güyük, mjukuu wa Chinggis, alipomjibu Papa Inosenti IV mwaka 1246, barua iliyohifadhiwa Vatikani ni ya Kiajemi.

Asiyejua Kiajemi atakula kilichotafunwa na wengine. Mimi ndivyo nilivyokula. Nilipokuwa nafundisha sekondari nilipenda kuchepuka kidogo nje ya mtaala, nikaandika ubaoni kwamba mwaka 1221 Wamongoli waliua watu 1,300,000 katika mji wa Merv, Asia ya Kati. Darasa la baada ya chakula cha mchana lilikuwa likiamka hapo. Idadi hiyo ni ya Juvaini, anayesimulia kwamba maiti zilihesabiwa siku 13, usiku na mchana. Ibn al-Athir, mwanahistoria aliyeishi wakati wenyewe, anataja 700,000. Sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu nani alihesabu, wala watu wote hao walikuwa wanakula nini.

Na huyo Juvaini ni nani? Mwajemi aliyekula mshahara wa Wamongoli. Mwaka 1256 aliingia maktaba ya Alamut, ngome ya Waismaili huko Uajemi, kwa idhini ya Hulegu, mjukuu wa Chinggis aliyeiteka, akatoa misahafu na vitabu alivyovithamini, kisha anatueleza bila kificho kwamba vingine alivichoma. Baadaye akapewa Baghdad aitawale. Mtu wa namna hii humtupi, wala humwamini mzima mzima. Unakaa naye miaka.

Miaka, nasema. Francis Woodman Cleaves wa Harvard alimaliza kutafsiri Historia ya Siri mwaka 1956. Kitabu kikatoka 1982. Igor de Rachewiltz, mzaliwa wa Roma aliyefanya kazi Canberra, alianza kuchapisha tafsiri yake vipande vipande mwaka 1971, akafika mwisho 1985, akairudia tena ikatoka mijalada miwili 2004, na 2013 akaongeza wa tatu. Mwanahistoria Thomas Allsen naye hakuwa na kiti katika chuo chenye jina kubwa. Alifundisha chuo kidogo New Jersey, na kutoka huko akatuonyesha dola ya Wamongoli kwa kufuata vitambaa vya nyuzi za dhahabu. Vitambaa! Wenzake wengi walikuwa bado wanahesabu mishale.

Sitawadanganya kuhusu riziki. Nafasi za kufundisha somo hili ni chache, na wazazi wenu watauliza. Chukueni na ualimu pembeni.

Lakini hamwanzi mikono mitupu. Waliopita chuoni kwa maalim wanasoma tayari herufi za Kiarabu. Kiajemi kinaongeza nne tu. Bandari na serikali mnazotamka kila siku zina asili ya huko. Na kitabu cha Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, ndicho hicho hicho kinachoeleza kambi ya Uzbek Khan, mtawala wa ukoo wa Chinggis, mahema yakiwa juu ya magari ya kukokotwa. Anzeni na kurasa za Kilwa, ambako mnaweza kumkosoa msafiri kwa mnayoyajua, ndipo mumfuate nyikani.

Nilipokuwa na miaka 41 nilinunua kitabu cha sarufi ya Kiajemi. Nikafika mlango wa vitenzi. Ikaja mitihani ya kusahihisha, kikaingia sandukuni. Kipo bado, mende wamekula jalada tu. Atakayewahi barazani Ijumaa hii akichukue.

Mzee wenu.